Mshika Mizani na Wapiga Kura

Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1992, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, wagombea watatu wa urais wa Marekani walikabiliana mbele ya raia wa kawaida, na safari hii raia ndio waliouliza maswali. Mwanamke mmoja aliinuka akataka kujua deni la taifa limemgusa vipi kila mmoja wao katika maisha yake mwenyewe. Na ikiwa halikumgusa, atapataje dawa ya maradhi asiyoyaonja. Swali lilikuwa na kasoro kidogo, kwani alilolikusudia bibi yule ni dhiki ya uchumi kwa jumla, wala si deni la serikali peke yake. Rais George Bush, aliyeonekana akiitupia jicho saa yake ya mkononi, alijikwaa papo hapo penye kasoro: akazungumzia riba, akakiri kuwa hakulifahamu swali. Bill Clinton, gavana wa Arkansas, aliondoka kitini, akapiga hatua kumwelekea mwulizaji, akamrudishia swali lake: wewe limekugusa vipi? Kisha akamweleza kwamba katika jimbo lake dogo, watu wakipoteza kazi, huenda yeye akawajua kwa majina.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa ulimi mwepesi. Yamkini kina zaidi ya hayo. Clinton hakuwa mtu wa kuahidi pepo. Mwaka 1990 na 1991 alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Uongozi la Democratic, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1985 kwa kusudi la kukirudisha chama hicho katikati, mbali na mrengo wake wa kushoto. Alikuwa mtu wa kati na kati, tena kwa kujinadi. Nyoyo za watu zikamfungukia hata hivyo. Basi wanaodai kwamba wagombea wa kati hushindwa kuwagusa wapiga kura kwa kuwa msimamo wa kati hauna ladha, wana deni la kuieleza Richmond.

Na kushindwa kumekuwapo, tena kwa wingi. Kuanzia Michael Dukakis, aliyesema mwaka 1988 kwamba uchaguzi ule haukuhusu itikadi bali uwezo wa kazi, kisha akashindwa katika majimbo 40. Hadi magavana na maseneta waliojipanga mwaka 2019 kama mashua zilizokosa upepo, chama cha Democratic kimetoa watu wengi wenye elimu, wenye rekodi safi za utawala, wenye hesabu zinazojumlika, ambao wananchi waliwasikiliza kwa adabu kisha wakaenda zao. Suala hili lina upande wa kisiasa, na wachambuzi wamelichambua vya kutosha. Lina upande mwingine, wa maadili: je, wastani ni wema ambao mtu anaweza kuuhubiri? Au ni wema wa vitendo tu, ambao ukitamkwa hunyauka?

Neno lenyewe wastani limetufikia kutoka Kiarabu, na safarini limepoteza kitu. Wasat ni katikati, lakini pia ni kilicho bora na kilicho adilifu. Katika Kiswahili cha leo mwanafunzi wa wastani ni yule ambaye mwalimu halikumbuki jina lake. Aristotle naye, aliyefundisha kwamba wema hukaa kati ya kuzidi na kupungua, alijihadhari na kosa hilo hilo. Alitoa mfano wa chakula: ikiwa ratili kumi ni nyingi mno na mbili ni chache mno, haifuatii kwamba mwalimu wa mieleka atampa kila mtu sita. Sita ni katikati ya hesabu, wala si katikati ya mtu. Mwanamieleka mkubwa zitampunguka, na anayeanza zitamzidi. Ili kuijua katikati iliyo njema, lazima kwanza umjue anayekula.

Kosa la wagombea wengi wa kati limo ndani ya mfano huo. Walitafuta sita.

Paul Tsongas anastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana ndiye anayeutia uchungu mjadala huu. Alikuwa seneta wa Massachusetts. Saratani ikamwondoa katika Seneti, na mwezi Januari 1985 akarudi nyumbani kwao Lowell. Alipopata nafuu alirejea ulingoni kugombea uteuzi wa mwaka 1992 akiwa na kijitabu cha mipango ya uchumi, sauti ya chini, na ukweli usiopendeza. Serikali inatumia kuliko inavyopata, alisema. Watoto watakuja kulilipa deni. Anayeahidi kuwapunguzia kodi watu wa tabaka la kati anawadanganya. Alisema yeye si Mzee Krismasi wa kugawa zawadi. Clinton alikuwa akiahidi punguzo lile lile la kodi, na Tsongas akawa anambeba mwanasesere wa dubu wa Kichina ili kumkejeli, kwa mchezo wa maneno ya Kiingereza juu ya mtu anayejipendekeza. Tarehe 18 Februari alishinda kura za mchujo za New Hampshire, jimbo jirani na kwao. Tarehe 19 Machi alisimamisha kampeni yake.

Yaliyofuata ndiyo yanayoumiza. Clinton alipoingia Ikulu mwaka 1993, aliliacha punguzo la kodi alilowaahidi watu, akapandisha kodi, na bajeti yake ikapita Seneti mwezi Agosti kwa kura ya ziada ya makamu wake Al Gore, bila ya kura hata moja ya Republican. Mwaka wa fedha wa 1998 hazina ya Marekani ilipata ziada kwa mara ya kwanza tangu 1969. Kwa maneno mengine, dawa ya Tsongas ilinywewa kwa sehemu kubwa, ila mganga alikuwa mwingine. Tsongas mwenyewe alifariki tarehe 18 Januari 1997, siku mbili kabla ya Clinton kula kiapo cha muhula wa pili.

Ni haki hiyo? Aliyesema kweli alikataliwa, na aliyeahidi asilolitekeleza akapewa nchi, akaja kufanya lile ambalo mkweli alilisema. Mtu mwenye kupenda ukweli hawezi kulipita jambo hili kwa kutabasamu. Kuwalaumu wapiga kura kwamba walipenda kudanganywa ni rahisi, na ni upungufu wa kufikiri. Watazamwe jinsi walivyokuwa. Mfanyakazi wa kiwanda hana njia ya kuzikagua hesabu za taifa. Mbele yake wako watu wawili wanaomwambia mambo yasiyothibitika. Mmoja anamzungumzia mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Mwingine anamwuliza: wewe je?

Hapo pana tofauti ambayo mshairi huitambua upesi kuliko mchambuzi wa siasa: nafsi ya tatu na nafsi ya pili. Tsongas, kwa heshima yote anayostahili, alisema kwa nafsi ya tatu. Dukakis alipoulizwa katika mdahalo wa tarehe 13 Oktoba 1988 kama angeunga mkono adhabu ya kifo iwapo mkewe mwenyewe angenajisiwa na kuuawa (swali la ukatili, ambalo halikustahili kuulizwa), alijibu kwa takwimu za uhalifu na sera zake za miaka mingi, mke akapotea ndani ya jibu. John Kerry mwaka 2004 alieleza kwamba aliupigia kura muswada wa dola bilioni 87 za vita kabla ya kuupinga. Ilikuwa kweli tupu: aliunga mkono muswada uliotaka gharama zilipwe kwa kuwarudishia matajiri kodi waliyopunguziwa, akaukataa ule usiokuwa na sharti hilo. Lakini sentensi ile ilikuwa ya mtu anayezungumza na makarani wa Bunge, na wapinzani wake hawakuhitaji kuongeza neno. Hillary Clinton, tarehe 9 Septemba 2016, mbele ya wachangiaji wa fedha jijini New York, aliwatia nusu ya wafuasi wa mpinzani wake katika kapu la watu wasiofaa. Hao nao hawakuwapo ukumbini. Walikuwa "wao".

Mario Cuomo, aliyekuwa gavana wa New York, alisema mwaka 1985 kwamba mtu hugombea kwa shairi na hutawala kwa nathari. Kauli hiyo imewafurahisha washairi kupita kiasi, nayo imewapoteza wanasiasa wengi, waliodhani kwamba kinachokosekana ni mapambo. (Cuomo mwenyewe, aliyekuwa na ushairi wa kutosha, aliiacha ndege ikimngoja uwanjani Albany mwezi Desemba 1991 na hakugombea kabisa.) Msomaji wa mashairi anajua kwamba vina na mizani vinaweza kutimia sawasawa na shairi likawa halimsemeshi mtu.

Ugumu wa mgombea wa kati, hata hivyo, hauishi kwenye nafsi za sarufi. Una mzizi wa ndani zaidi. Anayeahidi jambo kubwa, liwe matibabu bure kwa wote au ukuta wa mpakani, anaweka bidhaa juu ya meza, na mnunuzi huitazama bidhaa. Si lazima amjue muuzaji. Mtu wa kati hana bidhaa ya namna hiyo. Anachokileta ni busara yake ya kupima: hili kidogo, lile zaidi, jingine lingoje. Anaomba akabidhiwe mizani. Na mkulima wa karafuu afikapo kituoni na magunia yake haitazami mizani tu, humtazama anayeishika. Ni nani? Katoka wapi? Mwaka jana aliwapimia vipi wenzetu? Mwenye msimamo wa kati anahitaji kuaminiwa kuliko mwenye msimamo mkali, na ndiye ambaye hotuba zake humpa msikilizaji sababu chache zaidi za kumwamini.

Mwaka 2019 uliyaonyesha haya peupe. Katika mdahalo wa Detroit, tarehe 30 Julai, John Delaney, mbunge wa zamani wa Maryland, aliwaonya wenzake dhidi ya ahadi zisizowezekana. Elizabeth Warren alimjibu kwamba hafahamu kwa nini mtu ajisumbue kugombea urais ili kueleza tu yale tusiyoweza kuyafanya na tusiyopaswa kuyapigania. Ukumbi ukaitika kwa makofi. Delaney alikuwa na hoja: fedha za mipango ile zilitaka maelezo, na Warren mwenyewe alikuja kutaabika nayo miezi michache baadaye. Lakini sentensi za Delaney zilianza na "lakini". Za John Hickenlooper vivyo hivyo, ambaye mwezi Juni alizomewa na wanachama wenzake wa California kwa kusema kuwa ujamaa si jawabu. Steve Bullock wa Montana, Tim Ryan wa Ohio, Michael Bennet wa Colorado: kila mmoja alieleza umbali wake kutoka kwa Bernie Sanders kwa ufasaha kuliko alivyoeleza anakokwenda. Nahodha anayepiga bisho hulala upande huu na upande huu, na hakuna abiria anayelalamika maadamu anaijua bandari. Hawa walisimulia bisho.

Tena walikuwa na hoja moja waliyoipenda kuliko zote, nayo ilikuwa mbaya kuliko zote: kwamba wao wanaweza kushinda. Mpiga kura aliambiwa, kwa ufupi, wewe unaweza kuyapenda maneno ya Sanders, ila jirani yako wa Ohio au Wisconsin hatayakubali; basi mchague yule atakayekubaliwa na jirani yako. Hoja hii ina adabu ya juu juu. Ndani yake humfanya raia kuwa mshenga wa ndoa isiyo yake. Anayesemeshwa hasemeshwi, na anayezungumziwa hayupo.

Delaney anazuia kulifupisha jambo hili. Alitangaza kugombea mwezi Julai 2017, kabla ya wote, akazizuru kaunti zote 99 za Iowa. Alikaa na watu, akala nao, akawajibu. Alijitoa tarehe 31 Januari 2020, siku tatu kabla ya Iowa kupiga kura. Kwa hiyo kufika hakutoshi. Kujuana ni jambo refu kuliko ziara. Fedha nazo hazikutosha. Michael Bloomberg alitumia takriban dola bilioni 1, na siku ya tarehe 3 Machi 2020 mahali pekee aliposhinda palikuwa Samoa ya Marekani. Watu wa visiwani wana haki ya kutabasamu kidogo hapo.

Amy Klobuchar, seneta wa Minnesota, alikaribia kuupata ufunguo. Katika mdahalo wa New Hampshire, tarehe 7 Februari 2020, alifunga maneno yake kwa kisa cha mtu aliyesimama kando ya reli akilia wakati treni ilipokuwa ikiupitisha mwili wa Rais Franklin Roosevelt mwaka 1945. Aliulizwa kama alimjua rais. Hapana, akasema, lakini yeye alinijua mimi. Klobuchar akawageukia wasikilizaji: nami nawajua nyinyi. Sera zake hazikubadilika usiku ule hata chembe, na siku nne baadaye alitoka wa tatu, akiwa amewapita Warren na Joe Biden. Kisha kampeni ikafika Carolina Kusini, ambako wengi wa wapiga kura wa chama hicho ni Wamarekani weusi, na huko hawakuwa wakimjua. Kulisema neno ni mwanzo. Lazima awepo na wa kulishuhudia.

Shahidi alipatikana kwa mwingine. Biden alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire. Hotuba zake zilikuwa za kukatika katika, na wengi walikwisha mhesabu kuwa maiti wa kisiasa. James Clyburn, mbunge mweusi wa Carolina Kusini na kiongozi wa miaka mingi katika Bunge, amesimulia kwamba alikuwa maziko kanisani pale bibi mmoja mzee, aliyeketi safu ya mbele, alipomwita na kumtaka amnong'oneze atampigia kura nani. Alipomwambia, bibi akasema alikuwa na haja ya kulisikia hilo, na watu wengine nao wana haja ya kulisikia. Tarehe 26 Februari Clyburn alilisema hadharani, kwa maneno machache: tunamjua Joe, na kubwa zaidi, Joe anatujua sisi. Siku tatu baadaye Biden alipata karibu nusu ya kura zote za jimbo hilo. Ndani ya siku tatu nyingine Pete Buttigieg na Klobuchar walikuwa wamejitoa na kumuunga mkono, naye akashinda majimbo 10 kati ya 14 ya siku moja. Mtu wa kati kuliko wote alipita, na hakupita kwa kuuhubiri wastani. Alidhaminiwa.

Huenda ikasemwa kwamba haya yote ni kusifu mazoea, na kwamba bibi yule wa kanisani angepaswa kuzisoma sera. Lakini bibi yule aliishi katika jimbo ambalo watu wake walinyimwa kura kwa vizazi kwa maneno mazuri na sheria zilizoandikwa vizuri. Kumwuliza amjuaye mtu, kuliko kuyapima maneno ya mtu, hakukuwa uvivu wa akili.

Kamala Harris hakupata muda huo. Biden alipojitoa tarehe 21 Julai 2024, baada ya mdahalo wa Juni uliowashtua wote, Harris alibakiwa na siku 107. Alikuwa amegombea mara ya kwanza akiegemea kushoto na kujitoa mwezi Desemba 2019. Sasa alirudi katikati, akazunguka na Liz Cheney wa chama cha Republican ili kuwavuta wapiga kura wa upande ule. Tarehe 8 Oktoba aliulizwa katika televisheni ni jambo gani angelifanya tofauti na Biden katika miaka minne. Akajibu kwamba hakuna linalomjia akilini. Sababu za kushindwa kwake ni nyingi, na bei za vyakula zilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote. Mwaka ule serikali nyingi duniani ziliadhibiwa kwa kosa hilo hilo. Hata hivyo, aliyeomba kukabidhiwa mizani aliombwa aionyeshe japo mara moja, naye akaonyesha ya mtangulizi wake.

Kabla ya hayo yote, katika chama hicho hicho, alikuwapo mbunge wa Minnesota aitwaye Dean Phillips, mtu wa kati, tajiri, mpole. Mwezi Oktoba 2023 alisimama kumpinga Biden. Alisema rais amefanya kazi njema lakini umri umekwenda, na kura za maoni zinaonyesha kwamba atashindwa. Takriban kila kiongozi wa chama alikaa kimya au akamcheka. Tarehe 3 Februari 2024 Carolina Kusini walipiga kura za mchujo. Biden, waliyemjua na aliyewajua, alipata zaidi ya asilimia 95. Phillips, aliyesema kweli, hakufikisha asilimia 2.